Mali Bila Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Niliyatumia maneno hayo miaka yangu yote ya ualimu mkuu, hasa siku za kuhesabu madawati na vitabu. Sikutegemea kwamba uzeeni, nikiwa nimekwisha kukabidhi madaftari yote ya shule, methali hiyo ingenirudia hapa Iguguno kwa habari za kompyuta.

Iguguno, kwa msomaji asiyeifahamu, iko kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Zamani tulikuwa Wilaya ya Iramba. Tangu mwaka 2012 tumo katika Wilaya ya Mkalama. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita mchana na usiku, upepo nao hauchoki. Watu wetu hulima alizeti na kufuga kuku. Ni katika hao kuku ndipo mjukuu wangu alipopata riziki yake.

Kijana huyu alisomea umeme na elektroniki. Aliporudi nyumbani alianza kutengeneza vifaa vya kuongozea mashine za kutotolesha vifaranga. Yai la kuku hutaka joto la nyuzi 37.5 hivi, kwa siku 21. Joto likizidi kidogo kwa muda mrefu, vifaranga hufia ndani ya yai. Likipungua, huchelewa au hawatoki kabisa. Kwa hiyo ndani ya mashine huwekwa bodi ndogo yenye saketi: inapima joto, inawasha na kuzima taa au koili, na inapiga kelele mambo yakiharibika. Bodi hiyo aliichora mwenyewe kwa kompyuta, akaagiza itengenezwe nje, kisha akaja kuvilehemu vifaa kwa mkono wake mwenyewe. Zilikuwa zimeuzika chache, na zilifanya kazi.

Jioni moja alikuja kwangu, akaniamkia, akakaa kimya. Nilipomuuliza, alisema, “Babu, kompyuta imekufa.” Nikamwambia kompyuta hununuliwa nyingine. Akasema, “Si kompyuta, babu. Ni michoro. Ninayo kwenye flashi, lakini haifunguki.” Na mama mmoja wa Singida mjini alikuwa amekwisha kumlipa malipo ya awali ya bodi 12.

Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa na umri huu, kwamba bodi za saketi nazo zina madaftari yake, na kwamba ziko njia nyingi za kuyaweka, nyingine salama na nyingine za hatari. Lakini ili nieleze vizuri, hapana budi nirudi nyuma.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka Chuo cha Ualimu Kinampanda. Huo ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini kote walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza vipindi vya redio na kusoma vijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Nilikuwa kiongozi wa kikundi kimoja. Redio yetu ilikuwa ndiyo mwalimu mkuu wa kijiji, mimi nilikuwa msaidizi wake tu.

Siku moja ilinyamaza katikati ya kipindi. Tulibadilisha betri, haikusema. Nikafungua mgongo wake kwa bisibisi, wazee wakiwa wamenizunguka. Ndani tuliona kibao chembamba cha rangi ya kahawia. Upande mmoja vilisimama vifaa vidogo vidogo. Upande wa pili kulikuwa na njia za shaba zilizopindapinda kama vijia vya ng'ombe viendavyo kisimani. Mzee mmoja aliuliza, “Mwalimu, hizi njia nani amezichora?” Nilijibu kwamba zimechorwa kiwandani. Siku zile redio ziliunganishwa hata hapa nchini: Philips walikuwa Arusha, na National walikuwa Dar es Salaam. Lakini mzee hakuuliza zimeunganishwa wapi. Aliuliza zimechorwa na nani. Jibu la kweli ni kwamba zilichorwa mbali, na mchoro wenyewe ulibaki huko huko. Sisi tuliletewa kibao kikiwa kimekwisha kuamuliwa.

Kibao hicho kina historia yake. Kabla yake, fundi aliunganisha kila kifaa kwa waya, mmoja mmoja, na redio moja ilikuwa na msitu wa nyaya. Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna, Myahudi aliyekimbilia Uingereza mwaka 1936 baada ya kukosa nafasi kwao, ndiye aliyetengeneza mjini London redio ambayo nyaya zake zilikuwa njia za shaba zilizobandikwa juu ya kibao. Alichukua fikra ya wapiga chapa: kama ukurasa wa gazeti waweza kupigwa chapa mara elfu bila kuandikwa upya, kwa nini nyaya zisipigwe chapa? Ndiyo maana hata leo bodi hizi huitwa za kuchapwa.

Lakini ili kuchapa, lazima pawepo na mchoro wa kuchapia. Kwa miaka mingi mchoro huo ulifanywa kwa mkono. Mchoraji aliinama juu ya karatasi ya plastiki angavu, akabandika utepe mweusi kufuata njia za shaba, na viduara mahali pa matundu. Alichora kwa ukubwa mara mbili au mara nne, kisha mchoro ukapigwa picha na kupunguzwa. Kosa moja lilimaanisha kubandua na kubandika upya.

Sisi walimu tulilijua jambo hilo kwa sura nyingine. Mitihani yetu tuliichapa kwenye stensili, tukaiweka katika mashine ya kurudufia, na kugeuza mkono wa mashine hadi vidole vijae wino. Ukikosea herufi ulipaka dawa, ukangoja ikauke, ukapiga tena. Na stensili ikichanika, mtihani umekwenda. Tuliokuwa na busara tulihifadhi nakala ya mwandiko wa mkono katika kabati. Wasio na busara walitunga mtihani mara mbili.

Je, kompyuta zilikuwa wapi siku hizo? Msomaji kijana huenda asiamini. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha. Lakini mradi wa kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta ulileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Sitaki kuwacheka wakubwa wa wakati ule. Waliona fedha za kigeni zikiteketea kwa mitambo ambayo hakuna aliyeimudu, nao walikuwa na nchi changa ya kulisha. Lakini kila uamuzi una bei yake. Ni katika miaka hiyo ya kufungiwa na kukosa fedha, karibu na mwaka 1985, ndipo wenzetu walipoanza kuchora bodi kwa kompyuta ndogo za mezani. Marekani ilitoka programu iitwayo OrCAD; Australia, katika kisiwa cha Tasmania, ilitoka Protel, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Altium. Mwaka 1988 Wajerumani wakatoa EAGLE. Sisi wakati huo tulikuwa tukitafuta stensili na chaki.

Nilimwomba mjukuu anieleze kazi ya programu hizi kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la nne. Alinieleza hivi.

Kwanza unachora mchoro wa saketi. Huu hauonyeshi sura ya kitu, unaonyesha uhusiano tu: mguu huu wa transista umeungana na kichwa hiki cha risista. Ni kama ukoo ulioandikwa kwenye karatasi. Unaonyesha nani mtoto wa nani, hauonyeshi nani anakaa nyumba ipi. Programu hutoa humo orodha ya miunganisho. Kisha kila kifaa hupewa unyayo wake, yaani umbo la matundu na shaba ambapo miguu yake itakaa. Ndipo unapohamia kwenye bodi yenyewe. Vifaa vyote hutokea vimerundikana, vimefungwa kwa nyuzi nyembamba zilizovurugika kama kiota cha panya. Kazi yako ni kuvipanga, na kugeuza kila uzi kuwa njia ya shaba bila njia mbili kugusana. Ukimaliza, programu hukukagua: hapa umesahau uzi, hapa njia zimekaribiana mno. Mwisho hutoa faili za kupeleka kiwandani, ziitwazo Gerber.

Jina hilo ni la mtu. Joseph Gerber naye alizaliwa Vienna, naye Myahudi, akawaponyoka Wanazi na kufika Marekani mwaka 1940, ambako alitengeneza mitambo ya kuchora kwa mwanga. Nilishangaa kidogo kwamba kibao nilichokifungua kwa bisibisi kijijini kimebeba kazi ya wakimbizi wawili wa mji mmoja.

“Basi,” nikamwambia, “wewe umekwama wapi katika hatua hizo?”

Akainamisha kichwa. Chuoni alikuwa amepewa na mwenzake nakala ya programu moja ya bei kubwa, nakala iliyovunjwa kufuli. Aliitumia miaka mitatu. Kompyuta ilipokufa, ile nakala haikukubali kuingia katika kompyuta nyingine, na leseni halali hakuwa na uwezo wa kuinunua. Michoro ilikuwa imehifadhiwa kwa namna ambayo programu hiyo tu ndiyo iliyoisoma vizuri. Faili za kiwandani zilikuwa ndani ya kompyuta iliyokufa. Sitataja jina la programu hiyo, maana kosa halikuwa la wenye programu. Waliuza mali yao kwa bei yao. Kosa lilikuwa la kijana aliyejenga nyumba yake katika kiwanja cha mtu bila ruhusa, akashangaa alipokuta lango limefungwa.

Nilimkemea, ndiyo. Lakini baada ya kumkemea niliona swali lake lilikuwa la haki: achague ipi? Tukakaa siku mbili chini ya mwarobaini tukizipima, yeye akijua mambo na mimi nikijua kuuliza.

Programu kubwa za kulipia ni nzuri, alisema. Zimejaa kila kitu, na waajiri wa mijini huziulizia. Lakini ada yake kwa mwaka ingemeza faida yote ya bodi zake.

Ziko zinazofanya kazi kwa njia ya intaneti, kama EasyEDA ya China. Ni rahisi kujifunza, na kutoka humo humo unaagiza bodi na vifaa. Nilimuuliza, mtandao ukikatika Iguguno? Akacheka. Nikamuuliza tena, na mchoro unakaa wapi? Akasema aghalabu unakaa kwao, ingawa waweza kupakua nakala.

Akaitaja EAGLE, ambayo mafundi wengi wadogo duniani waliipenda kwa kuwa ilikuwa na toleo la bure, ingawa lilikuwa na mpaka wa ukubwa wa bodi. Mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani. Mwaka 2017 utaratibu wa kununua mara moja ukabadilishwa kuwa wa kulipia kila kipindi. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba haitapatikana tena baada ya tarehe 7 Juni 2026. Kampuni ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, na ilitoa taarifa miaka mitatu kabla. Lakini mfikirie fundi aliyechora humo miaka 20. Jambo moja lilimwokoa: kwa miaka mingi faili za EAGLE zilikuwa zimeandikwa kwa maandishi ya wazi, na programu nyingine ziliweza kujifunza kuzisoma. Hapo nilinyanyua kidole kama niliyekuwa darasani. Nikamwambia, “Umeona? Aliyeponea hapo ni mchoro, kwa sababu lugha yake ilikuwa wazi.”

Ya mwisho ilikuwa KiCad. Hiyo ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa. Sitaficha kwamba neno mwalimu lilinifurahisha. Tangu mwaka 2013 wahandisi wa CERN, kituo kile kikubwa cha utafiti wa chembe za atomu mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walianza kuiongezea nguvu, hasa katika kuchora njia za shaba. Ni ya bure kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, na kuirekebisha. Haina mpaka wa ukubwa wa bodi uliowekwa ili ulipie. Hufanya kazi bila mtandao. Michoro yake huhifadhiwa kwa maandishi ambayo hata programu ya kawaida ya kuandikia barua yaweza kuyafungua. Na michoro ya EAGLE, na mingine kadhaa, yaweza kuingizwa humo.

Nilidhani tumekwisha kumaliza. Lakini mjukuu hakukubali upesi, na nampa haki yake. Alisema, “Babu, mikono yangu imezoea ile. Hii nitaanza upya kama mtoto. Na nikienda kuomba kazi Dar es Salaam, wataniuliza ile.” Maneno hayo yana uzito. Zana ya bure nayo ina gharama, na gharama yake ni muda. Maktaba ya vifaa huna budi kuikagua mwenyewe. Unyayo ukikosewa kwa milimita moja, bodi zote 12 ni takataka. Tena wahenga hao hao walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwuliza ni upi mbacha na ni upi msala. Je, kile anachokiita mbacha wake kilikuwa chake?

Hakujibu. Usiku niliona taa ya chumba chake inawaka.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu. Mchoro ulikuwa umepotea, lakini bodi moja iliyokamilika ilibaki ndani ya mashine ya jirani. Tuliazima. Kwa usiku tisa aliishika chini ya taa na kipimo cha umeme, akigusa sehemu moja na nyingine, na kipimo kikilia alisema, “Imeungana,” nami niliandika katika daftari: mguu wa tatu na wa saba, wa nne na ardhi. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini mwandiko wangu bado unasomeka. Usiku wa sita tulikuta muunganisho mmoja ambao haukupasa kuwapo. Lilikuwa kosa lake la zamani, lile lililofanya mashine mbili za kwanza zipime joto kwa kuyumbayumba, naye akadhani kasoro ni ya kipima joto. Programu ya zamani isingekufa, kosa hilo lingeendelea kuzaliana katika kila bodi.

Kisha akauchora upya katika KiCad. Alinung'unika wiki ya kwanza, akanyamaza wiki ya pili. Mama wa Singida alipata bodi zake kwa kuchelewa karibu miezi miwili. Kijana alikwenda mwenyewe kumwomba radhi na kumpunguzia bei. Moja ya bodi hizo tuliijaribu hapa nyumbani kwa mayai 60. Siku ya 18 tuliacha kuyageuza kama ilivyo desturi. Siku ya 21, alfajiri, mke wangu aliniamsha akisema kuna kelele jikoni. Walitoka vifaranga 47.

Mimi si mtaalamu, na sipendi wazee wanaojifanya wataalamu. Kijana mwingine mwenye kampuni na mtaji aweza kuchagua programu ya kulipia, na awe sahihi kabisa. Lakini ningependa kila anayechagua ajiulize maswali matatu niliyomwuliza mjukuu wangu. Kesho ukikosa fedha, je, utaufungua mchoro wako? Wenye programu wakifunga duka, je, mwingine ataweza kuusoma? Na ukifa wewe, je, aliyebaki ataukuta wapi?

Swali la tatu alilijibu kwa vitendo. Mchoro sasa uko katika kompyuta yake, katika flashi mbili zilizo nyumba mbili tofauti, na mmoja umepigwa chapa kwenye karatasi. Huo wa karatasi umo katika kabati langu, pamoja na daftari lenye mwandiko wangu, juu ya rafu ambayo zamani niliweka nakala za mitihani.

Yule mzee wa mwaka 1973 alikwisha kufariki zamani. Swali lake lilikuwa, hizi njia nani amezichora? Upande wa nyuma wa bodi mpya, kwa herufi ndogo nyeupe ambazo bila miwani sizioni, kijana ameandika neno moja: IGUGUNO.